Ngoma ya Shaba na Tathmini ya Katikati

Siku ya chai ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema niwaachie maandishi kuhusu namna ya kuwaandaa wanafunzi kwa tathmini ya katikati ya mradi, "kwa sababu Mwalimu Otilia alikuwa anawatisha hata wageni." Mkacheka. Mimi sikuwa nawatisha. Nilikuwa siwaamini tu, na wao walilitambua hilo mapema. Sasa nimestaafu, nina kahawa kidogo na migomba yangu, na sina wa kumshuku isipokuwa jirani anayedai mbuzi wake hawavuki mpaka. Basi nimepata nafasi ya kuandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Aliyetaka kuvijua alivijua bila kuniuliza.

Nilifika chuo cha Mbinga katika miezi ya baridi, nikitokea upande wa Songea, nimevaa viatu vya wazi kama mtu anayekwenda sokoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya karakana. Nilitegemea kupewa ratiba na funguo za darasa. Badala yake Mwalimu Longinus Mapunda, mkuu wa karakana, alinipeleka kwenye kona ambako alikuwa ametandaza gunia, na juu ya gunia kulikuwa na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, imefunguliwa yote mpaka skrubu ya mwisho.

"Iunganishe," alisema. "Ukimaliza niite."

Kwa wageni wa kahawa, mashine ile ni rahisi kuielezea. Juu kuna mdomo wa kulishia matunda mabivu. Chini ya mdomo kuna ngoma, yaani pipa dogo linalozungushwa kwa mkono, lenye vinundu kama uso wa grata ya kukunia karoti. Mbele ya ngoma kuna bamba la chuma linalobana. Tunda likipita kati ya ngoma na bamba, ganda linavuka upande huu na punje inatoka upande ule. Nafasi ikiwa kubwa, matunda yanapita mazima. Ikiwa ndogo, punje zinakatika, na punje iliyokatika haina bei.

Niliiunganisha. Ilizunguka vizuri, ila nati moja ilibaki mkononi. Nikamwita.

"Hiyo ni ya wapi?" aliuliza.

"Labda ni ya ziada, Mwalimu."

"Labda. Au umeisahau mahali. Au mimi nimekuchanganyia. Utajuaje?"

Akaenda zake kunywa chai. Nilishinda na nati ile, nikiijaribu kwenye kila bolti, mpaka nikagundua kwamba haikubali bolti yoyote ya mashine ile. Uzi wake ulikuwa wa inchi, na mashine ilikuwa ya milimita. Alikuwa amenichanganyia. Niliporudi kumwambia, hakunisifu. Alisema vitu vya zamani, vya enzi za Mwingereza, vilikuwa vya inchi, na vya siku hizi ni vya milimita, na mtu asiyejua tofauti hiyo atauziwa kila kitu. Kisha akanipa ratiba.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti la kijivu lisilobadilishwa, na hakuwahi kumwuliza mwanafunzi, "Umeelewa?" Alishika kipande cha mashine akauliza, "Hiki nikikitoa, nini kitatokea?" Nililichukua swali hilo, na nimelitumia mpaka mwezi wa mwisho wa kazi. Mwanafunzi aliyetengeneza kitu kwa mikono yake hulijibu huku akikitazama kile kitu. Aliyekariri hukutazama wewe usoni.

Miaka ikapita, na mambo ya nchi yakageuka. Soko la kahawa likafunguliwa. Wengi wenu mlikuwa bado watoto, kwa hiyo nieleze. Zamani mkulima wa huku milimani alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, na chama kikapeleka ushirika, na ikaishia huko. Kisha wakaanza kuja wanunuzi binafsi na pikapu zao. Walisimama njia panda, wakanunua hata matunda mabivu yaliyochumwa asubuhi, bila kumenywa, kwa bei ya chini lakini mkononi. Mitambo ya vijiji ya kumenyea ikaanza kukosa vipuri na watu wa kuitunza. Chuoni nako tukaambiwa serikali haiwezi tena kubeba kila kitu, wazazi wachangie na wakuu wa vyuo watafute marafiki. Mkuu wetu wa chuo alikuwa hodari wa kutafuta marafiki. Alinunua suti ya mtumba iliyomkaa vizuri sana, na kuanzia hapo tukawa na wageni.

Marafiki hao, shirika moja la nje, walikubali kusaidia miradi ya wanafunzi. Kila kundi lingebuni kitu cha kumsaidia mkulima na kukitengeneza kwa mwaka mmoja. Katikati ya mwaka wangekuja kukagua. Kundi litakaloshindwa katika tathmini hiyo ya katikati lingevunjwa, na wanafunzi wake warudie mwaka. Sharti hilo la mwisho lilitoka kwa Mkuu, si kwa wageni, nami nililigundua baadaye.

Kundi nililopewa kulisimamia lilikuwa la watu watatu. Kiongozi alikuwa Gotfrid, kijana wa Maguu, mrefu, mwenye akili nyingi na haraka nyingi. Wa pili Kosmas wa Namswea, mpole, aliyekubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Wa tatu alikuwa Winfrida, msichana wa Lituhi, kule ziwani, aliyekuja chuoni bila kuwahi kuuona mti wa kahawa. Aliniambia siku ya kwanza, "Kwetu tunajua samaki wa usipa na mihogo, Mwalimu. Haya matunda mekundu nilidhani yanaliwa."

Walichagua kutengeneza mashine ndogo ya kumenyea kahawa, ya bei ambayo kaya tatu au nne zingeweza kuchangia. Ngoma yake ingekuwa ya mti, imezungushiwa bati, na bati litobolewe vinundu kwa msumari na nyundo. Nililipenda wazo hilo. Lilikuwa gumu vya kutosha. Kwa miezi walipiga misumari, wakapasua bati, wakaanza upya. Mti ulivimba ukilowa, ukasinyaa ukikauka, na bati likalegea. Hapo ndipo walipokuwa wakati tarehe ya wageni ilipotangazwa.

Basi niwaambie nilivyokuwa nawaandaa. Sikuwaandikia majibu. Niliwasimamisha mbele ya mashine yao, mimi nikakaa kwenye kiti kama mgeni, na kila mmoja akaeleza sehemu ambayo hakuitengeneza yeye. Mgeni mwerevu hamwulizi mchomeleaji kuhusu kuchomelea. Anamwuliza aliyekuwa anashika taa.

Jumatatu ya zoezi la kwanza niliingia karakana nikakuta mashine imefunikwa turubai. Gotfrid akalifunua kama mtu anayezindua jengo. Fremu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Na ndani ya fremu hapakuwa na ngoma ya mti. Palikuwa na ngoma ya shaba, nyekundu, vinundu vimepangika sawasawa kama meno.

"Mmeitoa wapi?" niliuliza.

"Fundi mmoja wa mjini alitusaidia, Mwalimu," Gotfrid alisema, akinitazama usoni.

Nilimgeukia Kosmas. "Bamba hili nikilisogeza, nini kitatokea?"

"Mashine hii inalenga kumkomboa mkulima mdogo," alianza Kosmas, naye akinitazama usoni, "kwa kumwongezea thamani ya..."

"Basi. Winfrida?"

Winfrida alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. "Mimi sijui, Mwalimu. Ngoma niliyoiacha Ijumaa ilikuwa ya mti. Niliyoikuta leo ni ya shaba. Nikiuliza, wenzangu wanaongea Kimatengo."

Gotfrid akasema neno moja kwa Kimatengo, na Kosmas akainamisha kichwa. Mimi ni Mngoni, Kimatengo changu ni cha sokoni, lakini neno lile nililielewa. Alimwambia anyamaze.

Niliwaambia waende kula. Nikabaki peke yangu, nikafunga mlango. Sikuwa na ugomvi na msaada wa fundi. Lakini fundi wa Mbinga mjini wa siku zile alikuwa anatengeneza majiko ya mkaa na vishikio vya majembe. Bati la shaba angelitoa wapi? Nilichukua spana za karakana, zote za milimita, tulizoletewa mpya na wageni wale wale. Kumi na tatu ilicheza kwenye nati ya mhimili. Kumi na mbili haikuingia. Nikajua kabla sijaenda kabatini kuchukua spana kuukuu za Mwalimu Mapunda. Ile ya nusu inchi ilishika mara moja, imetulia kama kidole kwenye pete.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Mwalimu Mapunda mwenyewe. Aliitazama spana mkononi mwangu.

"Ulikuwa unajua?" nilimwuliza.

"Nimebakiza muda mfupi nistaafu, Otilia. Mtu wa namna hiyo huona polepole." Akavua kofia, akaivaa tena. "Ililetwa Jumamosi na gari la chuo. Dereva alishusha, Mkuu akasimamia. Zaidi ya hapo sikuuliza."

Nilikwenda kwa Mkuu. Nje ya nyumba yake kulikuwa na pikapu nyeupe niliyokuwa nimekwisha kuiona njia panda ya Maguu, ya wakala mmoja wa kampuni ya kahawa. Wakala mwenyewe alikuwa barazani anakunywa soda. Alinisalimia kwa heshima nyingi, hata nikamwogopa.

Mkuu hakukataa kitu. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Alisema ngoma ilitoka kwenye mtambo wa kijiji kimoja ambao umekwisha kufa, na watu wa ushirika wamekubali itumike chuoni.

"Kijiji gani, Mkuu?"

"Mwalimu, wageni wanakuja kuona maendeleo. Tuwaonyeshe maendeleo."

"Maendeleo ya nani?"

Alicheka. "Una mashaka mengi, mama. Utapata vidonda vya tumbo." Nilivipata kweli, ila miaka mingi baadaye, na nadhani ni kwa sababu ya pilipili. Akaendelea, sasa bila kucheka: "Paa la bweni la wasichana linavuja. Wageni wakiridhika, linaezekwa. Wasiporidhika, utakwenda wewe kuwaambia wasichana walale wapi."

Sitasema lilikuwa neno la kijinga. Paa lilivuja kweli. Nililitembeza kichwani njia nzima ya kurudi, na karibu linishinde. Kilichonirudisha ni yule mtu wa soda. Kwa nini mnunuzi wa kahawa mbivu akae barazani kwa mtu anayetengeneza mashine ya kumenya kahawa? Anayenunua mbivu hafaidiki na mkulima anayemenya mwenyewe. Nilijiuliza swali hilo, na mpaka leo sijapata mtu wa kunijibu.

Kesho yake niliwaketisha wale watatu kwenye mabenchi ya karakana. Sikuuliza nani kafanya nini. Niliweka spana ya nusu inchi na ya milimita kumi na tatu mezani, nikawaambia wazijaribu kwenye mhimili wao, mmoja mmoja. Kosmas alijaribu, akazirudisha mezani. Winfrida alijaribu, akaniuliza maana yake. Nikamweleza. Gotfrid hakuzigusa.

"Ni ya kwetu," alisema hatimaye, kwa Kiswahili, ili Winfrida asikie. "Ni ya mtambo wa Maguu. Nimebeba kahawa pale tangu siwezi kuinua debe. Nilipoiona tu niliijua."

"Mkuu alikuambiaje?"

"Kwamba mtambo umekufa. Kwamba nisiseme kwa wenzangu kwa sababu watu wana wivu. Kwamba tathmini ikipita vizuri atanitafutia nafasi ya kuendelea na masomo Iringa." Alikuwa anasugua magoti. "Mimi nilitaka iwe imekufa, Mwalimu. Sikwenda nyumbani kuuliza."

Nje watu walikuwa wanapasua kuni za jikoni. Mimi nilikuwa natayarisha hotuba, na ingekuwa nzuri, lakini Winfrida aliniwahi.

"Sasa ni msimu wa kuchuma, si ndiyo?" alimwuliza Gotfrid.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo watu wa kwenu wanamenyea nini?"

Kosmas, ambaye siku zote alisubiri wenzake waseme, alisema, "Wanauza mbivu kwenye pikapu." Akarudia, polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali, "Wanauza mbivu kwenye pikapu."

Waliamua wenyewe kuirudisha. Niliwakumbusha bei yake: wangebaki na ngoma ya mti inayolegea, wageni walikuwa mlangoni, na kundi linaloanguka linarudia mwaka. Winfrida alisema akirudia mwaka, baba yake angemwoza kwa furaha. Hakuwa anatania. Hata hivyo aliinuka kwenda kutafuta jeki.

Mkuu alikuwa amekwenda Songea kuwapokea wageni. Gari la misheni lilikuwa linapeleka saruji Maguu, na dereva alikubali kutubeba nyuma. Kosmas alileta gunia la kuifunikia ngoma. Nililikataa. Nilijua kitakachosemwa baadaye, kwamba mali ya chuo imetoroshwa. Nikataka kila aliyekuwa barabarani aione, nyekundu, juu ya mifuko ya saruji, mchana kweupe. Mwalimu Mapunda alitufungulia lango yeye mwenyewe, akiwa amevaa koti lake. Alisimama pale mpaka tulipopotea.

Njia ya Maguu inapanda na kushuka kati ya miteremko iliyojaa ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, na juu ya nyumba miti ya kahawa ilikuwa imelemewa na matunda. Kwenye kila kona tulikuta akina mama na madebe ya kahawa mbivu, wameketi, wakingoja. Walipoiona ngoma walisimama. Hakuna aliyetupungia.

Mtambo ulikuwa bondeni karibu na kijito. Matangi ya kuoshea yalikuwa makavu, na majani yameingia. Mwenyekiti wa kamati ya mtambo, Mama Kapinga, alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa dada wa baba yake Gotfrid.

"Shikamoo, shangazi," alisema Gotfrid.

Mama Kapinga hakuitika. Aliipita salamu ile kama jiwe la njiani, akaenda mpaka kwenye gari. Huku kwetu mnajua uzito wake. Kijana alibaki ameinamisha kichwa mbele ya kijiji kizima.

"Nani amewatuma?" aliniuliza mimi.

"Hakuna, mama. Tumekuja wenyewe."

"Hata yule wa kwanza alisema hivyo. Alikuja na gari lenye jina la chuo chenu, akasema ngoma inakwenda kunolewa, itarudi kabla kahawa haijaiva yote. Siku iliyofuata ikaja pikapu kununua mbivu. Siku iliyofuata, Mwalimu. Mwenye pikapu alijuaje?"

Nikamwambia sijui. Aliniangalia muda mrefu, na nikaona kwamba nimekutana na mtu anayeshuku kunishinda.

"Na sasa mnairudisha kwa sababu gani? Mnataka nini?"

"Hatutaki kitu."

"Kila mtu anataka kitu." Aliipapasa ngoma kwa kiganja, kinundu baada ya kinundu. "Imepigwa rangi pembeni. Ndani mmebadilisha nini?"

Hakuturuhusu kuondoka. Tuliifunga ngoma yeye akiwa amesimama nyuma yetu, na kila nati tuliyokaza aliijaribu kwa vidole. Gotfrid alilala chali chini ya mtambo akirekebisha bamba, tope likimwingia shingoni. Mtu akaenda juu kufungua mfereji, na maji yakashuka. Mama Kapinga akamwaga debe moja la kahawa mbivu na kuuzungusha mkono wa mashine yeye mwenyewe. Maganda yakaenda upande wake. Punje zikaanza kutoka, zenye utelezi, nzima. Aliinama, akachota kiganja, akazigeuza moja moja juani.

Kisha, bila kugeuka, akasema, "Marahaba."

Gotfrid alikwenda kunawa kijitoni na akakaa huko muda mrefu. Sisi tukapewa viazi.

Siku ya tathmini wageni walikuja na magari mawili. Alikuwepo mama mmoja Mzungu mwenye Kiswahili cha kujifunza ukubwani, kizuri lakini cha kupimapima, afisa mmoja wa wilaya, na Mkuu katika suti yake. Mkuu alikuwa bado hajaingia karakana tangu arudi. Alipoliona turubai lile lile alitabasamu, na Gotfrid alipolifunua, lile tabasamu lilibaki mahali pake ingawa macho yalishabadilika.

Ngoma ilikuwa ya mti. Walikuwa wameipachika pete za chuma kwenye miisho ili bati lisilegee, kazi waliyoifanya kwa haraka wakipokezana tupa na nyundo. Kosmas alizungusha. Mashine ilimenya kidogo, ikakwama, ikamenya, ikatema matunda mazima miguuni mwa afisa wa wilaya. Mama mgeni aliokota punje zilizotoka. Nyingi zilikuwa zimekatika.

"Taarifa niliyotumiwa inasema ngoma ni ya shaba," alisema, "na kazi imekamilika."

"Kuna hitilafu ndogo," Mkuu alianza. "Vijana wamepata..."

"Naomba waseme wao."

Nilibana mikono mapajani. Sikujua watasema nini. Hilo sikuwahi kulifanyia mazoezi nao, kwa makusudi, na dakika ile nililijutia.

Gotfrid alieleza. Hakumtaja Mkuu. Alisema ngoma ya shaba haikuwa yao, ilikuwa ya Maguu, ililetwa, waliipaka rangi, walitaka kuionyesha kama yao, na wameirudisha. Afisa wa wilaya aliuliza nani aliileta. Gotfrid akasema, "Gari la chuo." Karakana nzima ikatazama madirisha.

Mama mgeni akamgeukia Winfrida, labda kwa sababu alikuwa hajasema neno. Akagusa ile pete ya chuma. "Hii nikiitoa, nini kitatokea?"

Naapa sikumfundisha swali hilo. Winfrida alitazama pete, hakumtazama mgeni. "Bati litalegea, mama. Mti ukilowa unavimba. Tulijaribu misumari ikashindwa. Hii inashika, lakini punje bado zinakatika kwa sababu vinundu havilingani urefu. Hapo bado hatujajua tufanyeje."

"Kwa hiyo mmefika wapi?"

"Nusu," alisema Winfrida.

Mgeni aliandika kwa muda mrefu. Mkuu alijaribu kuyasoma maandishi yake juu chini, nami pia.

Niwaambie yalivyokwisha bila kuyapamba. Kundi halikuvunjwa. Lakini mwaka ule wageni hawakuendelea na chuo, na paa la bweni liliendelea kuvuja masika yote. Wasichana walijua kwa nini, na wako ambao hawakuniamkia tena. Mkuu hakuniambia neno baya hata moja. Kabla likizo haijafika nilihamishiwa kituo cha mafunzo kule ziwani, kwa manufaa ya umma, nikateremka na kitanda changu juu ya lori la mahindi. Yeye alistaafu kwa heshima na akapewa jiko la gesi. Kama yeye na mwenye pikapu walipatana, au alikunywa soda tu, sijui. Nimewauliza wengi, na kila mmoja alinitazama usoni aliponijibu.

Mwishoni mwa msimu Gotfrid alinitumia ujumbe kwa dereva kwamba wanaijaribu mashine yao Maguu. Nilipanda kutoka ziwani, nikafika nimejaa vumbi. Walikuwa wameacha msumari. Sasa walipiga vinundu kwa patasi moja fupi yenye kizuizi, isiyoweza kuzama zaidi ya pale wanapotaka, ubunifu wa Kosmas. Akina mama walikuwa wamejipanga, na hawakuja kusaidia. Mmoja alichanganya matunda mabichi na mabivu makusudi. Mwingine akatia yaliyokauka. Mama Kapinga alizungusha mwenyewe, akahesabu kwa macho zilizokatika, akazungusha tena. Akasema ni nzito. Akasema inapiga kelele. Akasema mdomo wake ni mdogo na hakuna mwanamke mwenye muda wa kulisha kiganja kwa kiganja.

Gotfrid alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Kosmas washike huku na huku, waipakie garini warudi nayo.

"Mnaipeleka wapi?" aliuliza Mama Kapinga.

"Chuoni, shangazi. Si umesema ni mbaya?"

"Nimesema ni mbaya. Sikusema muiondoe." Akaurudisha mkono wake kwenye mashine, akawaita wale waliokuwa nyuma walete madebe.